Asili ya Sabuni

Fomu ina kurasa nne, na kila ukurasa nakala tatu.
Nimetoka Tumbe alfajiri na vipande mia mbili,
kila kimoja ndani ya kaki, kila kaki na utepe wake,
na sasa nimekaa hapa Wete, mbele ya Dadi Khatibu,
niliyemkosha kwenye karai akiwa hajaota meno,
na leo ananiita "mteja".

Jina la bidhaa: sabuni ya mwani.
Inakokwenda: Mombasa, Marikiti,
kwa Nuru, binti wa mama yangu mdogo.
Undugu hauna nafasi kwenye fomu.
Dadi anaandika: mnunuzi.

Asili ya bidhaa.

Hapo kalamu inasimama.
"Mwani?"
Wetu. Nimeukata mwenyewe, bamvua, kamba zikinila vidole.
"Mafuta ya nazi?"
Nazi za Ole.
"Ya karafuu?"
Makonyo ya hapa hapa.
"Kostiki?"
Nikakohoa. Kostiki inatoka Nairobi, kwa pipa la buluu.
"Karatasi?"
Tanga.
"Na utepe?"
Utepe, mwanangu, Mungu ndiye ajuaye.
Niliununua Darajani kwa mtu aliyekuwa na haraka.

Akaweka kalamu chini, akanifunza.
Nchi hizi, Bi Mize, sasa ni nyumba moja.
Vyumba vingi, ukuta wa nje mmoja.
Cha mgeni hutozwa sawa kwenye kila mlango,
cha ndugu hakitozwi,
ilimradi athibitishe kuwa ni ndugu.

Kama ni nyumba moja, nikamwambia,
mbona mie nipo kizingitini tangu saa mbili?

Akacheka. Hakujibu.

Nikamkumbuka ami yangu Kombo,
mwaka ule mikarafuu ilipozaa hata matawi yakavunjika.
Alivusha magunia manne usiku, upande wa pili,
ambako bei ilikuwa bei.
Wakamtia ndani miaka miwili.
Karafuu zake, mikono yake, bahari ya Mungu;
kosa lilikuwa ni upande.
Leo njia ile ile ina jina refu la herufi kubwa
na bendera yake juu ya meza ya Dadi.
Ami hayupo wa kumwonesha.
Na sijui kama angefurahi au angetema mate.

Nuru atanilipa kwa shilingi.
Shilingi yake na yangu zina jina moja,
kama wajukuu wawili waliorithi jina la babu,
mmoja akanenepa, mwingine akakonda.
Wakubwa wanasema iko siku zitakuwa sarafu moja.
Walisema hivyo Nuru anaolewa.
Mwezi ujao anaolewa bintiye.

"Sasa hapa penye asili," anauliza Dadi,
"na asilimia. Wanataka vyote viwili."

Asili, asilimia.
Bibi yangu alizaliwa Vanga, akaolewa Tumbe,
akaenda Wasini kwenye msiba, akafia huko huko, wakamzika.
Mama akikasirika hutukana Kimvita.
Nikiwekwa mimi kwenye mizani ya ofisi hii,
mie ni wa hapa kwa ngapi juu ya mia?
Utepe wangu nani ataukubali?

Dadi akaandika: Pemba.
Akakumbuka wanataka nchi, akakata,
akaandika Tanzania juu yake, kwa herufi ndogo
kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha.
Akagonga muhuri mara tatu. Wa tatu ukamvujia.

Nikampa kipande, akoshe vidole.
"Bi Mize, hii isije ikawa rushwa."
Sampuli, nikasema.
Hakutaka. Akatoa pesa, akadai na risiti,
akaenda bombani nyuma ya ofisi
akarudi ananusa viganja kama mtoto.

Wino haukutoka wote.
Nikamwambia arudie.