Maelezo ya Matengenezo

Fomu yenu, Afisa Archuleta, imeniachia mistari miwili.
Haitoshi. Nageuza karatasi.

Mizani ya Rawlins ilikuwa imenikubali, uzito halali,
ndipo ukaninyoshea mkono.
Theluji haikuwa ikianguka siku ile, ilikuwa ikipita tu, mlalo,
kama ina miadi Nebraska.
Uliingia chini ya trela kwa mgongo na tochi,
wewe wa umri wa binti yangu,
ukatoka na grisi shavuni,
ukasema: "Inapumua."
Hosi ya breki, ekseli ya nyuma, kushoto.

Nilikuwa nimeisikia tangu Rock Springs.
Niliongeza sauti ya redio.
Hukuniuliza hilo. Nalitaja sasa.

Hukuandika faini. Uliandika onyo,
nami nikalikunja mara nne
nikalitia kwenye kikasha cha miwani.
Siku kumi na tano, ulisema.
Nikaitika kama mtu aliyeombwa chumvi.

Nikampigia bosi, Haugland.
"Trela si letu. La kukodi.
Wewe vuta kichwa, mkia una wenyewe."
Nikawapigia wenyewe, Omaha:
muziki dakika ishirini, kisha sauti ya upole,
"Aliyelifunga ndiye aliyelikagua, mama.
Sahihi hapa ni ya nani?"

Ni yangu.
M kubwa, halafu mchirizo kama waya ulioanguka.
Miaka kumi na tisa naiweka kila alfajiri
chini ya maneno *nimekagua, ni salama*,
siku nyingine nikiwa bado kitini, hita inawaka,
kahawa mkononi,
nakagua kwa kuwaza.

Laramie, uwanja wa matrela, saa nne usiku.
Agizo: lifungue, liache, chukua lingine.
Nikalifungua.
Lilibaki juu ya miguu yake miwili ya chuma,
na hewa iliyosalia tangini ikawa inatoroka, sss,
herufi moja tu,
kama mtu aliyesahau jina langu lote.
Asubuhi lingefungwa na Benicio Quintanar.
Ana miezi mitatu barabarani,
bado anapungia mkono kila lori.
Angepanda nalo Sherman,
na Sherman ikishapandwa huwa inateremkwa.

Sikuchukua lingine.

Hosi: dola thelathini na nane na senti kadhaa.
Risiti nimeibana hapa, si ya kudai,
Haugland nimeshamuuliza.
Cheti cha breki ninacho, cha mwaka ule wa mafuriko.
Spana iliondoka na ngozi ya kidole gumba.
Nikapaka kiungo maji ya sabuni,
yakaganda kabla hayajasema kitu.
Nikapaka tena, ya moto, kutoka chupa ya chai.
Hayakutoa povu.

Nilikuwa nakusanya vifaa nilipouona,
usiouandika wewe, nisioukagua mimi:
ufa kwenye bamba la springi,
mwembamba, na kutu ndani yake,
maana yake si wa jana.
Huu hauzibwi kwa spana wala kwa methali.

Nikamngoja Benicio.
Nikamlaza chali kwenye theluji, nikamshikia tochi.
Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
"Lakini si letu," akasema,
na nikasikia sauti ya Haugland katika kinywa cha mtoto,
na kabla ya Haugland, yangu.
Sikumjibu. Nilimpa kalamu.
Akalala pale pale, karatasi juu ya kifua,
na pale tunapoandika *salama* siku zote
akaandika neno jingine, kwa herufi za shule,
akalipigia mstari.

Basi ile mistari yenu miwili nimeijaza hivi:
*Hosi imebadilishwa. Ufa upo.
Trela liko Laramie, safu ya nne, halijaondoka.*

Kalamu iliganda, ndiyo sababu M haisomeki.
Ni yangu.

Marlys Tvedt