Tarakimu Nyekundu

Saa nne asubuhi, njia panda ya Kibuye,
baba alisimama ghafla, akageuka
amtazame mtu aliyempiga teke kisiginoni.
Hapakuwa na mtu.
Muuza viatu vya mitumba alikuwa mbali, ameinama, anafunga kamba.
"Nani amenipiga?" baba aliiuliza barabara,
kisha mguu ukamkataa.

Nashon Ogweno, msoma mita za maji miaka thelathini na mmoja,
aliyeujua mji huu kwa nyayo:
vifuniko vya chuma vya Milimani,
mita za Nyalenda zilizolala topeni na vyura,
mbwa wa kila lango, kwa jina na kwa hasira yake.
Gari, alisema, ni la mtu asiyejua anakokwenda.

Sasa amekaa juu ya kreti ya soda tuliyoazimwa,
unyayo unaning'inia
kama mlango uliong'oka bawaba.

Ningependa kusema ni uzee. Majirani wamenisaidia:
"Miaka sabini na minne, mwanangu. Mwili ni nguo."
Nguo huchakaa, naam. Lakini hii imechanika,
na nguo haijichani.

Siku sita nyuma mkojo ulimchoma.
Mimi ndiye niliyekwenda duka la dawa, Kondele,
mimi, na haraka zangu, bodaboda ikinguruma nje,
nikasema, "Nipe ile kali."
Kijana hakuuliza ni ya nani.
Hakuuliza umri. Hakuuliza juu ya vile vidonge vidogo vyeupe
ambavyo baba humeza mvua zikianza, kifua kikimbana.
Nami sikusema. Nilidhani dawa ni dawa,
kila moja hupita na njia yake
bila kuisalimu nyenzake.

Jioni ya siku ya nne alilalamika:
nyuma ya kisigino, kama uzi unaovutwa.
Nikampaka mafuta, nikamkanda.
Nikamwambia, "Maliza dozi."
Nilijisifu, hata. Si ndivyo walivyoandika ukutani kwa zahanati?

Daktari Awino alimlaza kifudifudi, akaminya shavu la mguu.
Unyayo haukuitika.
Akaminya la mguu wa pili: ukaitika, ukanyooka
kama mtoto aliyeitwa jina.
"Kano imekatika," alisema. Kisha, bila kuinua macho:
"Alikuwa anameza nini?"

Swali hilo, siku sita mapema,
lingegharimu pumzi moja.

Usiku nilifungua boksi. Karatasi ya ndani
imekunjwa mara nane, herufi zake ni watoto wa sisimizi;
ilibidi niipige picha nikaikuze kwa simu.
Iko pale. Haikufichwa. Kano.
Waliovuka sitini. Wanaotumia vidonge vya kifua.
Kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa lugha nyingine nisiyoijua,
kila lugha, isipokuwa zile ninazomwambia baba pole.

Wala sina wa kumlaani. Dawa hiyo hiyo
ilimwinua Wilikista wa ploti ya pili, figo zikimwaka,
tulikwisha anza kuchanga.
Mkojo wa baba nao ulipoa siku ya tatu.
Dawa ilifanya kazi yake. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi:
ilifanya kazi yake,
na nyingine ambayo hakuna aliyeituma.

Plasta imefika gotini. Wiki nane, wamesema, au zaidi.
Leo asubuhi ameniita kutoka kitini:
"Nenda kanisomee mita."
Nimepiga magoti kando ya bomba, nimefuta tope kwa kidole gumba,
nikamsomea kwa sauti, moja, sifuri, nne, tisa,
nikainuka.
"Bado," amesema.
"Na zile ndogo za mwisho, nyekundu.
Watu huziruka zile."