Karani

Mbele za watu aliitwa Karani,
kwa kuwa alilalia daftari la madeni
na hapakuwa na wa kumwinua.
Bi Kazija akija kulipa kilo yake ya sukari
ilibidi angoje paka ageuke ubavu
ndipo baba alione jina
na alifute.

Duka letu lilikuwa Jadida, Wete,
milango miwili ya kijani, mmoja haufunguki.
Gunia la Mbeya, gunia la unga, debe la mafuta ya taa,
na baba katikati kama jiwe la mizani.
Mtu wa maneno ya kuhesabika.
Mie mwanawe wa pekee nilipata matatu kwa siku:
Umesali? Umekula? Funga mlango.
Siku nilipopasi kwenda Unguja kusomea uuguzi
aliongeza la nne: Haya.

Lakini kwa paka, subhanallah!
Kwa paka ulimi ulifunguka.
Nilimsikia usiku, nyuma ya pazia,
akimchambua changu miiba kwa kidole gumba,
akitandaza minofu juu ya kipande cha gazeti,
sauti imeshuka, laini, sauti nisiyoijua,
kama ya mtu anayemwelekeza mgeni njia.
Maneno sikuyapata. Nilipata sauti tu, na wivu.
Wivu wa paka! Utamwambia nani?
Nilimchukia yule mnyama. Mara moja
nilimpiga kandambili, akanitazama
kama anayeandika deni.

Nikaenda zangu. Miaka sita.
Nikija sikukuu, siku ya pili niko bandarini.
Nikimpa mtu wa meli dawa za presha,
nikipiga simu: Umekula, baba?
Nimekula.
Dawa umekunywa?
Haya.

Alipofariki nilikuwa zamu ya usiku.
Nikafika Wete wameshazika.

Siku ya tatu, hitima imekwisha,
masinia yameoshwa, majamvi yamekunjwa,
Faki, kijana wa dukani, akaja na sahani mkononi:
"Karani hali tangu Jumanne.
Yuko chini ya chaga, nyuma ya magunia."
Nikainama. Karani, nikaita. Karani, pisi pisi.
Macho mawili gizani, hata kupepesa.

Faki akajikuna shingo, akatazama mlango.
"Dada, usinichukulie vibaya.
Hilo ni jina la mchana.
Duka likishafungwa, mzee hakumwita hivyo."
"Alimwitaje?"
Kijana kimya. Kisha, kwa haya za mtu
anayerudisha kitu alichokiokota:
"Akimwita Mize."

Jina langu.

Nilikasirika kwanza, nisiseme uongo.
Jina la mama yake mzazi, kanipa mie,
kisha kampa paka!
Faki akaendelea, macho chini, kama anayesoma:
"Mize, leo mvua imetunyeshea karafuu uwanjani.
Mize, mguu huu unavimba, usimwambie mtu.
Mize, huko kwenu zamu ni ngapi usiku?
Wanakupa chai?"

Tangu lini, sikuuliza.
Zipo hesabu mtu huziacha wazi.

Faki alipoondoka nilikaa sakafuni
na changu aliyepoa. Nikamchambua.
Kidole gumba changu kimepinda kama chake,
hilo nalo nililiona usiku ule.
Mwiba mmoja ukanichoma, nikaunyonya.
Nje mtu alipita na baiskeli, akasema hodi ya mazoea,
akakumbuka, akanyamaza.

Nikashusha sauti. Nikaitafuta ile ya nyuma ya pazia,
mara ya kwanza ikakataa, ikatoka ya hospitali.
Nikaita tena: Mize.
Magunia yakachakarika.
Mize we. Njoo ule.
Akatoka polepole, unga masikioni,
mifupa ya mgongo inahesabika,
na kabla hajaifikia sahani
nikasikia kinywa changu kikiitika:
Labeka.