Tafsiri ya Shangazi Batuli

Waniuliza picha gani ya Kihindi utazame,
zile za maisha ya watu.
Anza na ya fundi wa kike wa Surat,
mchana akishona, usiku akisomea sheria
kwa taa ya chemli iliyopasuka kioo.
Kisha ya yule mwanahesabu mwenye kigugumizi.
Ya mpiga mieleka iruke: ndefu, vumbi tupu.

Mimi ya fundi niliiona Kibokoni,
ukumbini kwa Shangazi Batuli, kaseti imechakaa,
viazi karai mapajani, ukwaju ukinichuruzika hadi kiwikoni.
Hakuna aliyejua Kihindi ila yeye,
ndivyo alivyotwambia.
"Sasa amwambia babake: niache nisome,
mahari yao nitawarudishia kwa sindano yangu."
Tukalia. Hata Ami Shee, ajifanyaye jiwe,
akasema jicho limeingia pilipili.

Juzi nimeitazama tena,
safari hii na maandishi chini ya kioo.
Pale pale, mbele ya babake,
fundi asema: "Mvua imechelewa mwaka huu."
Baba ajibu: "Basi wafunge mbuzi."

Nikaisimamisha picha.
Nikaikumbuka cherehani ya shangazi,
na mle mtotoni, chini ya vifungo na bobini,
daftari la darasa la saba
lililoishia katikati ya hesabu ya kugawanya.

Itazame, nakwambia, itazame.
Ila zima yale maandishi,
umwite mamako akae karibu,
umwombe akutafsirie.