Dozi ya Tumbaku

Siku ya kwanza nilimshika kinesi,
kama tunavyowashika watoto wodini:
huyu miguu, huyu kichwa, mimi mdomo.
Lakini nyumbani Kiloleni nilikuwa peke yangu,
na Tumbaku ana miguu minne.
Dawa iliishia ukutani.
Kiganja kikachanwa mistari mitatu,
naye akajitia uvunguni mwa kabati la vyombo,
moyo ukimwenda kama cherehani ya mkesha wa Idi.

Sungura si wangu. Ni wa Mihambo,
aliyepanda treni kwenda shule ya bweni
akaniachia karatasi: majani gani, maji saa ngapi,
na chini, kwa kalamu nyekundu,
*mama usimbebe kwa masikio.*
Kuhusu jipu la taya hakuandika kitu.

Kapela, bwana mifugo, alikuwa ameniambia.
Alinipa chupa, na bomba lisilo na sindano, akasema:
"Sungura akishikwa hafikirii dawa.
Anajua jambo moja tu, kwamba ameshaliwa.
Ukimwinamia kutoka juu, dada,
wewe si wewe tena. Ni mwewe."
Nikaitikia ndiyo, ndiyo,
kama wagonjwa wanavyoniitikia mimi.

Basi nikashuka.
Nikakaa sakafuni na sare yangu, magoti yakilia,
mgongo ukutani, sisemi, simtazami.
Bomba likiwa tupu, nchani ndizi mbivu kidogo.
Nje jirani alimaliza kutwanga, akaanza kupepeta,
ndipo pua ikatokeza, ikichezacheza,
kisha sharubu, kisha yeye mzima,
rangi ya jani lililotoka banini.
Akalamba. Nikamwacha alambe.

Kanga kuukuu, maandishi yameliwa na jiki,
limebaki neno moja tu: JIRANI.
Nikamfunika nalo, mabega hadi mkia,
si kwa kumkaza; kama unavyofunika kikapu cha mayai.
Miguu chini. Kichwa kilivyo.
Nyuma ya meno ya mbele, pembeni, kuna pengo,
mlango ambao miaka yote nilikuwa nikiupita nikavunje dirisha.
Tone. Ngoja atafune.
Tone.
Ngoja.

Mama yangu aliniziba pua kwa vidole vyenye harufu ya karanga
mpaka nimeze klorokwini.
Simlaumu. Tulikuwa saba, kijiko kimoja,
na homa haikuwa na subira.
Lakini ulimi wangu ungali unakumbuka.

Wodini bado tunashika watatu watatu.
Jana tu, kabla hatujaanza,
niliomba stuli fupi. Mwashi akadhani nimechoka.

Leo siku ya kumi, chupa imekwisha.
Saa moja jioni natandika mkeka, najinyoosha,
na huyo Tumbaku, taya limenywea,
anakuja mwenyewe kulisukuma bomba kwa pua,
analisukuma tena,
ananitazama kwa jicho moja la pembeni
kama mtu aliyekuja kudai chake.