Jina Chini ya Rangi

Aprili, na theluji ya Negaunee bado imejibanza
nyuma ya gereji kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimeubana upinde kwenye jiliwa,
taya za chuma nimezivisha soksi kuukuu,
maana mti huu una miaka sitini
na sitaki kuwa jeraha lake la mwisho.

Upinde wa baba. Ndivyo tulivyouita.
Ulikaa juu ya mlango wa sauna, ncha zimejikunja kwa nje
kama midomo ya mtu aliyetaka kusema akaghairi.
Baba, Reino Kangas, mchimba chuma,
aliupaka rangi ya matope ili kulungu wasiuone.
Kulungu hawakuuona.
Wala sisi.

Nilianza kwa pamba: niliiburura juu ya mabawa yote mawili,
kwani penye ufa pamba hunasa.
Haikunasa.
Nikafumba jicho moja, nikautazama toka ncha hadi ncha:
bawa la chini limekwenda upande, unywele tu,
deni la misimu arobaini kwenye msumari mmoja.

Dawa ya kubabua rangi niliiacha dukani.
Ikimaliza rangi huanza kula gundi,
na upinde kama huu ni gundi kwanza, mti baadaye.
Basi msasa. Wa mia mbili na ishirini, halafu wa mia nne,
kufuata nyuzi za mti, si kuzikata,
na kitambaa chenye spiriti, na kupiga chafya.
Vumbi la kahawia likanijaa kope.
Chini yake ikachomoza rangi ya asali:
ni mti ule ule tunaoutoboa kila Machi,
tukachemsha machozi yake mpaka yawe matamu.

Ndipo, juu kidogo ya mshiko,
penseli.
*Lempi. Ratili 38. 1963.*

Nikaweka msasa chini.
Kila Krismasi baba alituambia
upinde wake una ratili hamsini na tano.
Hizo kumi na saba nyingine
alizivuta kwa mdomo.

Na Lempi ni mama.
Lempi yuko jikoni, anachuja kahawa,
ana miaka themanini na tatu na vidole vilivyokakamaa.
Amekuja kufuata harufu, asema.
Hakuuliza nimeona nini.
Alitia mkono kwenye mshiko na mkono ukaingia
kama mguu unaorudi kwenye kiatu chake.
"Aliuazima," akasema. "Msimu mmoja."
Akatazama pembe za kulungu ukutani, moja moja,
midomo ikichezacheza kama mtu anayehesabu chenji.
"Hapa usipake vanishi nyingi. Mkono utateleza."
Akarudi kwenye kahawa yake.

Nimepaka mara tano, nyembamba kama pumzi kwenye kioo,
siku nzima kati ya mkono na mkono,
nikisugua kidogo kila ikikauka,
isipokuwa juu ya jina. Pale nimepaka tu,
nimezuia hata kivuli cha msasa.
Rangi ya baba imebaki padogo, ndani ya pembe
ambapo mshale huegemea, ukubwa wa ukucha.
Si kwamba nimesamehe.
Msasa haufiki.

Upote mpya umefika kwa posta.
Upote: neno lililojenga jirani na kupotea.
Nimeutia nta mpaka ukapata joto vidoleni,
nikaupachika kwa kamba ya kupandia, si kwa goti,
kwani goti ndilo linalopindua mabawa.
Nilipouvuta, ulilalamika mara moja, ukanyamaza.
Sikuuachia mtupu. Upinde ukiachiwa bila mshale
nguvu yote iliyokuwa iende hurudi ndani
na kuupasua.

Nimeulegeza tena. Mti ukikaa umevutwa
mchana na usiku, husahau kunyooka.
Mlangoni pa sauna nimeng'oa ule msumari.
Vigingi viwili sasa, vya mbao, vimefungwa ngozi,
kimo cha bega la mama.