Chongo na Kengeza

Gari langu lilipata chongo Jumanne moja ya Mfungo Pili,
kwenye kona ya Pongwe, kwa mbuzi
aliyekuwa na haraka kuliko mimi.
Mbuzi aliondoka mzima, mwenyewe akanidai pole.
Mimi nikabaki na jicho la kulia,
na kushoto shimo lenye nyaya mbili
zinazoning'inia kama mizizi ya jino.

Wiki nzima, saa kumi alfajiri,
nilifuata machungwa Muheza nikiona nusu ya njia.
Waliokuja mbele walidhani ni pikipiki,
wakanisogelea.
Trafiki wa Kange akainama dirishani:
"Bi Mwanakheri, leo unamkonyeza nani?"
Akaandika. Elfu thelathini za kukonyeza.

Basi nikaenda Barabara ya Kumi na Mbili, kwa Mwinjuma.
Taa zimepangwa kuanzia sakafuni hadi darini,
mamia ya macho yaliyong'olewa kwenye nyuso zao,
na kila moja linakutazama
kana kwamba wewe ndiwe uliyeleta ajali.

"Ya mwaka gani?"
"Elfu mbili na mbili."
Akashusha moja, akaipuliza vumbi. "Hii hapa. Pacha wake."
Kioo kimetakata kama maji ya mtungini.
Nikalipa. Hapo ndipo nilipokosa:
nilitazama uzuri, sikuhesabu masikio.

Maana taa ina masikio, matatu, ya kufungia bolti.
Hii ilikuwa na mawili; la tatu limekatwa,
pakapakwa gundi nyeusi.
Kati ya taa na boneti pakabaki mwanya
wa kupitisha kidole, na mvua nzima.

Usiku nikawasha, nimeelekea ukutani.
Jicho la kulia lilitazama mbele, kwa adabu.
La kushoto likakata kulia, likapanda
dirisha la jirani yangu Hozza,
likammulika ndani ya chandarua.
"Mwanakheri! Huku si barabara!"

Nikarudi nayo kwapani. Mwinjuma akacheka:
"Ukipenda, chongo huita kengeza."
"Kweli," nikamwambia. "Lakini trafiki hanipendi.
Wala hanipendi anayekuja mbele yangu na lori la katani."

Akanyamaza. Akaigeuza taa, akaisogeza karibu na pua.
"Hii imezaliwa kwa watu wanaopita kulia," akasema polepole.
"Ndiyo tabia yake, kutazama bega lile.
Nilikuuzia sura."

Nikafungua pindo la kanga.
Kipande cha taa yangu ya zamani,
kwenye ukingo namba, ndogo kama sisimizi:
kumi na mbili, mstari, mia nne sabini na tano.
Tukaanza upya. Yeye anasoma, mimi najibu.
Siyo.
Siyo.
Siyo hiyo, Mwinjuma, mwisho ni tano.
Chai ikapoa. Adhana ya adhuhuri ikapita.

Ilikuwa chini ya beseni, imelaliwa na taa za Noah,
ya manjano kama jino la mtafuna tumbaku,
na ndani yake nondo aliyekufa, mbawa wazi.
Namba ileile. Masikio matatu.
"Hii mbaya," alisema, akaona haya. "Nipe nusu."
"Hii," nikasema.

Ilipoingia ilisema *kat*, mara moja tu,
kama kitasa cha nyumba yako.

Usiku ule, ukutani, duara mbili kimo kimoja:
moja nyeupe, moja rangi ya chai ya maziwa,
na katika hiyo ya chai kivuli cha nondo,
kipana kama kiganja.
Hozza akatoka na msuli, akatazama dirisha lake, akatazama ukuta.
"Limenyooka?"
"Limenyooka."
"Huyo mdudu je?"
"Kaja nayo."

Alfajiri, baada ya Pongwe, lori likatokea.
Likanipunguzia mwanga. Nikalipunguzia.
Tukapishana, kila mtu upande wake,
na nyuma ya kiti makapu matupu yakigongana.